Mstari Niliomwambia Asiuandike

Mimi nakaa dirisha la vifo. Ndivyo tunavyoliita hapa ofisini: dirisha namba moja ni la vizazi, namba mbili ni la kurekebisha majina, na namba tatu, lenye kiti kilichopasuka kinachomng'ata kila anayekikalia, ni la vifo. Mtu akifiwa anakuja na karatasi ya hospitali, mimi naingiza taarifa kwenye kompyuta, anaondoka na cheti. Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba. Waliofiwa hawanisumbui. Wanaonisumbua ni wazima tunaofanya nao kazi, maana kati yao ukimtafuta mwenye akili utachoka.

Mmoja tu hakuwahi kuniudhi, na nikimsimulia leo si kwa kumsifu bali kwa sababu nina deni naye la maneno. Tulimwita Injinia. Jina lilianza kama kejeli, kwa kuwa chuo hakumaliza. Baba yake alifariki akiwa mwaka wa pili, naye akarudi nyumbani na hakwenda tena. Alikuja kwetu kwa mkataba wa miezi mitatu kutengeneza printa iliyokuwa inameza karatasi. Printa ikapona, mkataba ukarudiwa, ukarudiwa tena, mpaka ikatimia miaka tisa. Kila mkataba ukiisha, jina lake linatolewa kwenye orodha, akaunti yake ya kompyuta inafungwa, naye anapanda ghorofani kwa dada wa utumishi kusaini upya ili ifunguliwe. Alizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Alikuwa mwembamba, shati lake la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni hata siku ya joto, na kalamu mbili mfukoni ambazo sikuwahi kuona akiandikia. Kicheko chake kilikuwa cha puani. Mimi aliniita shangazi, ingawa hatuna udugu wowote, nami nilimwita baba, na tulielewana hivyo.

Mtu asiyemjua angedhani hana shida. Shida yake ilikuwa moja na aliijua mpaka kwenye mzizi: mama yake alianguka akitoka bafuni, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Mama akawa anatembea kwa kushika ukuta. Daktari alisema akipasuliwa mapema atatembea vizuri, akichelewa ataishia kitandani, na mzee wa kitandani hakai sana. Pale kwetu mfanyakazi wa kudumu anapewa kadi ya matibabu, na kadi hiyo inamhudumia na mzazi. Wa mkataba hapewi. Basi Injinia hakutaka cheo wala gari. Alitaka barua ya ajira ya kudumu, na nyuma ya barua kadi, na nyuma ya kadi mama yake asimame.

Seva yetu ya zamani ilikuwa inakufa. Ilikaa chini ya ngazi, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, na ilinguruma kama mashine ya kusaga. Kwa siku iliganda mara tatu. Mtu amefiwa na mumewe, ana mazishi yanamsubiri, mimi namwambia subiri kidogo mama, mtambo umekwama. Nilikuwa naona aibu mimi kwa makosa ya chuma. Mwishowe makao makuu wakatuletea mashine mpya ndani ya boksi. Boksi lilikuja bila mtu wa kulifungua.

Mkuu wa ofisi akamwita Injinia. Mimi nilikuwa mle mle ndani nimebeba mafaili, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu mawili.

"Hii kazi ukiiweka sawa kabla ya ukaguzi wa mwisho wa mwezi," mkuu alisema, "barua yako naisaini mimi mwenyewe."

"Nitaiweka sawa, mkuu," Injinia akajibu. Alipotoka, alipita dirishani kwangu akaegemea kaunta, akasema, "Shangazi, umesikia?" Nikamwambia nimesikia, na nikamwambia akae sawa, wateja wanamwona.

Tangu siku hiyo nikawa nashuka chini ya ngazi kila saa nne na kikombe chake cha chai. Sikujua kitu juu ya mambo yale, ila yeye alikuwa mtu wa kueleza. Linux, alisema, ni nyumba yenyewe: kuta, paa, vyumba na funguo. Java ni jiko, kwa sababu programu yetu ya vyeti imeandikwa kwa Java na bila hiyo haipikiki. Halafu kuna seva ya programu, ambayo ni mhudumu: inasimama katikati, inapokea oda kutoka madirishani kwetu na kurudisha majibu. Nyumba bila jiko ni makazi ya njaa, na jiko bila mhudumu ni moshi tu.

Nyumba aliijenga kwa siku tatu. Jikoni ndiko kulikomtoa jasho. Mashine mpya ilikuja na Java mpya, na programu yetu iliandikwa zamani na watu ambao wameshatawanyika, mwingine ana duka, mwingine hajulikani alipo. Kila akiiwasha inatapika makosa skrini nzima.

"Programu hii ni kama mzee aliyezoea mkono wa mkewe," aliniambia. "Mpikie wewe, hali."

Akaitafuta Java ya zamani, akaiweka kwenye folda yake, pembeni ya ile mpya, bila kuigusa ile mpya kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa na shughuli zake nayo. Kisha akaweka seva ya programu. Ikawa inawaka na kuzima kimya kimya. Hilo lilimla siku mbili nzima, na kumbe tatizo ni kwamba folda ya kuandikia kumbukumbu ilikuwa mali ya msimamizi mkuu wa mashine, mhudumu wetu hana ruhusa ya kuandika humo, kwa hiyo alikuwa anakufa bila hata kuacha neno. Akabadilisha umiliki, ikasimama. Tena ikawa yeye kule chini anaiona programu, sisi juu hatuoni kitu. Kumbe ukuta wa ulinzi ulikuwa umefunga mlango namba 8080 kutokea ndani. Akaufungua. Siku hiyo nilikuwa nimekaa na kiti changu kinaning'ata, mara ukurasa ukafunguka kwenye skrini yangu mweupe, mwepesi, majina yote ya marehemu yamepangika. Nilipiga meza kwa kiganja. Mteja aliyekuwa mbele yangu akadhani nimemgombeza.

Tukaanza kuutumia mtambo mpya, na kwa wiki nzima haukuganda hata mara moja. Alhamisi moja, kabla ya ukaguzi, nikashuka na chai nikamkuta Injinia amekaa sakafuni, magoti kifuani.

"Nimeizima mashine yote nikaiwasha upya, kuijaribu tu," alisema. "Vyote vimeamka. Programu yetu haikuamka."

"Ina nini?"

"Kosa langu. Mahali ilipo Java ya zamani nimepaandika kwenye akaunti yangu mimi. Nikiiwasha mimi kwa mkono, mashine inafuata maelekezo yangu, inaikuta. Ikijiwasha yenyewe haisomi akaunti yangu, inachukua Java mpya, inakataa. Ndiyo maana kila asubuhi inaenda vizuri. Jioni naizima, na kila asubuhi naiwasha mimi." Akacheka kicheko chake cha puani. "Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la huduma, lile mashine inalolisoma ikijiwasha. Dakika tano, shangazi. Ngoja ninywe chai niuandike."

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu wengine huwa wanasema shetani alipita. Hakuna shetani aliyepita. Nilikuwa mimi, na kikombe mkononi.

"Barua umeishika?" nikamuuliza.

"Bado. Mkuu anasema baada ya ukaguzi."

"Basi usiuandike."

Akaniangalia.

"Baba, nimekaa hapa miaka kumi na minne," nikamwambia. "Asante ya punda ni mateke. Mtambo ukishaamka wenyewe, wewe watakuhitaji wa nini? Wataanza, oo bajeti, oo nafasi hakuna. Acha uwe unauamsha wewe. Siku ukishika barua, andika mistari hata mia."

"Si vizuri, shangazi."

"Kilicho vizuri ni mama yako kutembea."

Hilo neno lilimwingia. Nililiona likiingia. Alikunywa chai yote, kisha akachukua karatasi, na kwa mara ya kwanza nikaona kalamu yake ikifanya kazi. Akaandika mstari ule, na chini yake jina la faili na mahali pa kuuweka, kwa herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa shule, akaikunja mara mbili.

"Kaa nayo wewe," alisema. "Ikikaa kwangu nitauandika leo leo."

Nikaitia kwenye pochi yangu. Nilijiona nina busara. Hata nyumbani nilijisifu kimoyomoyo kwamba safari hii hawamwezi.

Wakaguzi wakaja, wakaona vyeti vinatoka haraka, wakasifu, wakaondoka. Ijumaa ya wiki iliyofuata dada wa utumishi akanishika mkono kwenye ngazi akaninong'oneza kwamba barua ya Injinia imesainiwa, ipo kwenye trei yake, inasubiri mhuri tu. Nami siwezi kukaa na siri ya furaha, nikamwambia Injinia. Hakuruka wala hakupiga kelele. Aliomba ruhusa ya siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, akamlete mama yake kutoka nyumbani kwao ili awe karibu na hospitali kadi itakapotoka. Huko kwao simu haishiki mpaka upande kilima. Mtambo aliuacha unaenda, safari hii hakuuzima jioni.

"Usipozimwa hauna neno," aliniambia akiondoka. "Nikirudi, barua mkononi, naandika ule mstari. Nitunzie."

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa. Jumapili ilikuwa mwisho wa mwezi na mwisho wa mkataba wake. Siku zote dada wa utumishi anamkumbusha mapema apande kusaini upya. Safari hii hakumkumbusha, kwa sababu mtu anayepewa ajira ya kudumu hasaini tena mkataba wa muda. Jina lake likatolewa kwenye orodha ya vibarua ili liingizwe kwenye orodha ya wenye kazi. Makao makuu wakaona jina limetoka, wakafunga akaunti yake kama kawaida, na chochote kilichowashwa kwa akaunti ile kikazimwa nayo. Barua ile ile iliyokuwa inamsubiri ndiyo iliyomzimia mtambo.

Jumatatu asubuhi skrini za madirisha yote matatu zilikuwa nyeupe, hazina kitu. Kufikia saa tatu watu walijaa mpaka nje. Mbele yangu alisimama baba mmoja aliyefiwa na mtoto, gari la maiti limewasha injini, anataka cheti avuke nacho njiani. Nilimwandikia barua kwa mkono, nikagonga mhuri, nikijua kwamba askari wa njiani pengine watamrudisha. Mkuu alishuka chini ya ngazi, akaiangalia mashine, akapanda, akapiga simu ya Injinia mara kumi. Haipatikani. Akapiga makao makuu. Fundi wa kule akaingia kwenye mashine yetu akiwa huko huko, akahangaika mpaka mchana, kisha akamwambia mkuu kwenye simu, spika ikiwa wazi, sote tunasikia: "Programu imefungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja. Bila yeye haiwaki. Kwa macho yangu mimi, huu ni mtego."

Neno mtego likaenea ofisini haraka kuliko moto wa nyasi.

Karatasi ilikuwa kwenye pochi yangu, na pochi ilikuwa mapajani pangu. Ningesimama, nikapiga hatua ishirini, nikasema mkuu, dawa hii hapa, na mwenye kosa ni mimi. Nilisimama kweli. Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikaikunjua, nikaisoma. Mstari mmoja. Nikafikiri wataniuliza umeitoa wapi. Watasema mlipanga wawili. Nikafikiri miaka yangu kumi na minne. Nikaikunja, nikarudi kwenye kiti kinachong'ata, nikawaambia watu wasubiri.

Jumanne ikapita hivyo hivyo. Dada wa utumishi aliniambia barua imetolewa kwenye trei, mkuu ameichukua kwa mkono wake.

Jumatano saa tano akaja. Nilimwona kwanza mama yake, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha bluu, ameshikwa mkono, anaburuta mguu. Injinia akamkalisha kwenye benchi la waliofiwa, maana ndilo benchi pekee lililopo, akaweka begi miguuni pake, akaniletea tabasamu. Hakujua chochote. Alikuwa amepitia ofisini kumwonyesha mama mahali anapofanya kazi.

Mkuu alitoka, akamkuta pale pale ukumbini.

"Mtambo umezima siku tatu. Ulikuwa unajua kwamba bila akaunti yako hauwaki?"

Injinia alitazama skrini zetu, akaelewa yote kwa mara moja. Ningekuwa mimi ningekana. Yeye akasema, "Nilijua."

"Na dawa yake unaijua?"

"Naijua."

"Kwa nini hukuiweka?"

Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale. Nilisubiri ageuze macho, kwa sababu angegeuza macho tu ingetosha. Hakugeuza. Aliangalia sakafu.

"Niliogopa, mkuu. Niliogopa ukishaamka wenyewe mtaniacha."

"Nenda kaurekebishe," mkuu akasema.

Walimfungulia akaunti kwa saa moja. Alishuka na mkuu, na nilivyosikia baadaye, dakika tano hazikutimia. Aliandika mstari wake kwa kichwa, hakuhitaji karatasi. Akazima mashine, akaiwasha, akaondoa mikono kwenye kibodi, akasubiri mkuu aone mwenyewe. Programu ikaamka peke yake. Huku juu skrini zikajaa, watu wakaanza kusukumana kuwahi foleni.

"Kumbe ni mstari mmoja tu," mkuu akasema walipopanda. Kisha akampa bahasha, na haikuwa ile iliyokuwa kwenye trei.

Alipita dirishani kwangu akielekea benchi. Nilifungua mdomo. Alinitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayesema usijisumbue, akamshika mama mkono, akamwinua. Mama akamuuliza, "Ndiyo hapa?" Akajibu, "Ndiyo hapa, mama." Wakatoka taratibu, wakishika ukuta. Nami nikamwita anayefuata.

Huo ni mwaka wa tatu sasa. Mtambo haujaganda. Umeme ukikatika na kurudi, unaamka wenyewe kabla hatujakaa vitini, na vijana wapya wanadhani mitambo yote ndivyo ilivyo. Kazi ya kudumu alipewa mpwa wa mtu, yeye kazi yake ni kupuliza vumbi. Injinia nilisikia ana meza ya kutengeneza simu karibu na stendi. Sikwenda kumwona. Nilijiambia nitakwenda mwezi huu, nitakwenda mwezi ujao, nami nilijua kwamba siendi.

Mwezi uliopita alikuja yeye. Alipanga foleni kama watu wote, shati limefungwa mpaka shingoni, akafika mbele yangu akaweka karatasi ya hospitali kwenye kaunta. Sikuhitaji kuisoma, lakini niliisoma, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mwanamke, miaka sabini na moja. Alilala kitandani miezi kumi na minne, mapafu yakajaa.

"Pole, baba," nikasema.

"Nimeshapoa, shangazi."

Nikaanza kuingiza. Jina, tarehe, mahali. Yeye alikuwa anaangalia nyuma ya skrini, kule waya zinakoshuka.

"Bado unaamka wenyewe?" akauliza.

"Unaamka."

Akaitika kwa kichwa, na niseme ukweli, uso wake ulifurahi kidogo. Nikafungua pochi, nikatoa karatasi yake, imeshalegea mikunjo, nikaisogeza kwake chini ya kioo. Nilitaka kusema maneno niliyoyapanga miaka mitatu. Nikasema tu, "Ilikuwa hapa. Jumatatu ile, ilikuwa hapa kwenye pochi."

"Najua," alisema. "Si nilikupa mimi?" Akairudisha upande wangu kwa kidole kimoja.

Kilibaki kisanduku kimoja, kazi ya mtoa taarifa.

"Niandike nini?" nikamuuliza.

"Acha wazi."

"Haikubali wazi."

Akacheka, kile kicheko cha puani, kwa sababu alikuwa anajua haikubali. "Basi andika fundi simu."

Nikaandika fundi simu. Nikabonyeza, na cheti kikatoka hata kabla sijanyoosha mkono kukipokea, kizuri, hakina kosa hata moja. Nikagonga mhuri, nikampa. Alikisoma chote, akakikunja mara mbili, akakitia mfuko wenye kalamu. Mtu aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameshaanza kusukuma karatasi yake mbele, nikamwita.